Nyumba Zimepanda Ghorofa, Skuli Zimebaki Chini

Mtu wa Pwani afikapo Nairobi na kuelekea upande wa mashariki wa jiji, aweza kudhani kuwa hajatoka kwao. Makanga huita Majengo, Makadara, Kaloleni, Ziwani, na majina yote hayo tunayo Mombasa. Hata yale tusiyokuwa nayo ni ya lugha yetu: Pumwani, Shauri Moyo, Starehe, Bahati, Maringo, Uhuru, Umoja. Mtunzi akiyapanga vizuri angepata ubeti bila ya kutoka jasho. Lakini mimi Januari iliyopita sikwenda huko kutunga. Nalikwenda kwa sababu ya mtoto aliyekosa skuli.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja, ameolewa Nairobi na ana watoto wawili wa kike. Kwa miaka mingi walikaa Majengo ya Pumwani, katika nyumba ya udongo ya kizee mmoja. Kizee alipofariki warithi waliibomoa nyumba ili wajenge ghorofa, na mpwa wangu na mumewe wakahamia Pipeline huko Embakasi, chumba kimoja ghorofa ya tano. Binti mkubwa, aliye gredi ya tatu, akabaki na skuli yake ya zamani. Mdogo alikuwa aanze gredi ya kwanza mwaka huu. Mama yake akampeleka skuli ile ile ya dada yake ili waandamane njiani. Akaambiwa nafasi hakuna, watoto wa mtaa kwanza.

Jina la skuli hiyo silitaji, wala mtaa wake. Yaliyotokea pale yametokea kwengine pia.

Aliponipigia simu alikuwa analia. "Mjomba," aliniambia, "njoo unisemee, mimi hawanisikilizi." Nikapanda gari la moshi.

Siku ya pili palikuwa na mkutano wa wazazi. Tuliketi juu ya madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, na wengine wamesimama madirishani. Hedimasta, mtu mpole, alieleza hali yake bila ya kuficha. Skuli ilijengwa kwa madarasa machache. Mwaka 2003 Serikali ilipofuta karo za msingi, watoto waliingia kama maji ya mvua. Mwaka 2023 gredi ya saba ikawekwa ndani ya skuli za msingi, kisha ya nane, kisha ya tisa. Watoto waliokuwa wakimaliza na kuondoka baada ya miaka minane sasa hukaa miaka tisa, mbali na ile ya chekechea, na ua ni ule ule. Chumba kilichokuwa cha vitabu ni darasa. Akauliza: "Niwaweke wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Akainuka mzee mmoja wa mtaa, mwenye kofia ya vito na bakora. Alisema yeye alisoma pale, na wanawe walisoma pale, na sasa mjukuu wake ameambiwa asubiri kwa kuwa darasa limejaa watoto wanaoteremka kwenye matatu asubuhi. "Nyinyi mmekwenda kupanga kwenye maghorofa," alisema, "mwenye ghorofa anakula kodi yenu, na skuli mnaitaka kwetu. Mwambieni mwenye ghorofa awajengee."

Watu wengi walipiga makofi. Nakiri kwamba na mimi, niliyekwenda kumsemea mpwa wangu, maneno ya mzee yule yaliniingia. Hakuwa na chuki. Alikuwa na mjukuu, kama mimi.

Mama mmoja wa upande wa Embakasi akamjibu kwa adabu. "Mzee wangu, nakuheshimu. Mimi nilizaliwa hospitali ya Pumwani hapo karibu. Nilihama kwa sababu nyumba tuliyopanga ilibomolewa, si kwa kupenda ghorofa. Huko niliko, skuli ya umma ya karibu imejaa kuliko hii. Mtoto wangu nimpeleke kwa nani?" Makofi yakapigwa tena, na nadhani baadhi ya mikono ilikuwa ile ile.

Neno hili la "wa mtaa kwanza" si geni katika nchi hii. Mwaka 1985 Serikali ilipanga kuwa skuli za sekondari zisizokuwa za kitaifa zichukue asilimia 85 ya wanafunzi wao kutoka katika eneo zilipo. Lilionekana ni jambo la haki, na kwa wengine lilikuwa la haki kweli. Lakini ukimwekea mtoto mpaka, lazima uwe umemjengea skuli ndani ya mpaka huo. Kama hukujenga, umemfungia nje tu.

Ili kujua kwa nini mitaa ile haina skuli za kutosha yataka turudi nyuma kidogo.

Zamani za Mwingereza mji wa Nairobi uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa magharibi penye miti na hewa, Wahindi Ngara, Parklands na Eastleigh, na Mwafrika akatupwa mashariki. Mapema miaka ya 1920 ndipo Pumwani ilipofanywa mtaa wa Waafrika, na vijiji vya zamani vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Kimoja kikiitwa Mji wa Mombasa, na nadhani msomaji ataelewa wenyewe walikuwa nani. Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Kwa hivyo Waislamu wa Majengo ni watu waliozoea kuhamishwa. Msikiti wa Riyadha umeshuhudia mengi ya hayo.

Nyumba nyingi za mashariki zilijengwa kwa ajili ya mwanamume peke yake. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika kuwa mpita njia: afanye kazi, alale, kisha arudi kwao. Asiyetarajiwa kuwa na mke mjini hatarajiwi kuwa na mtoto, na asiyekuwa na mtoto hajengewi skuli. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa katika mitaa ya kwanza kupangwa kwa ajili ya familia, na kila afikaye pale huona tofauti: viwanja, miti, nafasi ya mtoto kukimbia. Ramani kuu ya mji ya mwaka 1948 nayo ilipendekeza mitaa inayozunguka skuli zake, mtoto aende kwa miguu bila ya kukatiza barabara kubwa. Wazo hilo ni zuri hata leo, ingawa walioliandika waliutumikia ukoloni.

Hata baada ya Uhuru ubaguzi haukufutika siku moja. Skuli za msingi za Baraza la Jiji ziliendelea kutajwa kwa herufi: A zilizokuwa za Wazungu, B zilizokuwa za Wahindi, na C zilizokuwa za Waafrika. Karo ndiyo iliyochukua kazi ya rangi. Na herufi C ilikaa wapi kwa wingi? Mashariki.

Yakaja basi maendeleo. Miaka ya 1970 ikajengwa Buru Buru, ikajengwa Umoja kwa msaada wa Marekani, na Dandora ikagawanywa viwanja 6,000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mitaa hiyo ilikuwa na mpango, na katika mpango palikuwa na skuli. Lakini mpango ulihesabu nyumba ndogo ya familia moja au mbili katika kila ploti. Nenda leo Umoja Innercore ukaone. Ploti iliyopimiwa kijumba ina ghorofa sita, saba, nane, na kila ghorofa ina vyumba, na kila chumba kina mama, baba na watoto. Mahali pa familia moja pamekuwa na familia hamsini. Mwenye kutoa ruhusa ya ghorofa hakuongeza hata darasa moja, na mara nyingi ruhusa yenyewe haikuombwa.

Tazama hesabu. Mwaka 1969 Nairobi nzima ilikuwa na watu 509,286. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Tarafa za zamani, Makadara na Kamukunji, zilikuwa na watu 189,536 na 268,276. Embakasi peke yake ilikuwa na 988,808, na Njiru 626,482. Hizo mbili za nje zimezizidi mbili za ndani zaidi ya mara tatu. Lakini skuli za umma zilizojengwa na Baraza zimebaki kusongamana kule ndani, ambako watu walikuwako zamani. Ndiyo maana asubuhi matatu zinazoingia mjini zimejaa watoto wenye sare, wamelala juu ya mikoba yao.

Na ardhi iliyotengewa skuli je? Hapo ndipo pana aibu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, viwanja vya skuli vikiwa miongoni mwake. Januari 2015, katika skuli ya msingi ya Lang'ata Road upande wa pili wa jiji, watoto walitupiwa moshi wa kutoa machozi walipoandamana kwa ajili ya uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Ukuta ule ulivunjwa, kwa sababu dunia ilikuwa inatazama. Kuta nyingine zilijengwa usiku, na dunia imelala.

Pengo hilo limezibwa na skuli za watu binafsi. Pipeline niliziona: chini kinyozi na duka la kuuza mitungi ya gesi, juu darasa, juu ya darasa wapangaji. Siwadharau walimu wake. Wengine ni vijana wenye bidii, na watoto wanasoma. Serikali yenyewe mwaka 2009 ilitoa sera ya kuzitambua skuli za namna hii. Lakini ni karo kila muhula, na mtoto acheze wapi? Niliuliza. Nikaonyeshwa ngazi.

Sheria haina kigugumizi. Kifungu cha 53 cha Katiba champa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumtoza mzazi ada ya kumwandikisha mtoto. Pamoja na hayo mpwa wangu aliambiwa pembeni, na mtu ambaye hakuwa hedimasta, kuwa akileta dawati jipya na kitu kidogo, nafasi yaweza kuonekana. Nilimkataza. Sijui mpaka sasa kama nilifanya vyema. Heshima ya mjomba haimkalishi mtoto darasani.

Kuna jambo jingine ambalo mkutanoni halikutajwa, nami nalitaja hapa kwa kuwa wasomaji wangu watalijua uzito wake. Binti yule mkubwa, alipokuwa akikaa Majengo, alikuwa akirudi skuli saa tisa, anakula, anakwenda chuoni, na Magharibi humkuta nyumbani. Alikuwa amekwisha Juzuu Amma na ameanza Tabaraka. Tangu wahamie Pipeline huamshwa saa kumi na moja kasoro, na kurudi kwake ni baada ya Magharibi, gari likikwama Jogoo Road. Chuo hakuna. Nilimwambia anisomee Suratul-Balad. Alianza vizuri, akakwama, akaanza tena, akakwama pale pale. Akainamisha kichwa. Mama yake akaondoka chumbani akijifanya ana sufuria motoni.

"Skuli nimempa, mjomba," aliniambia baadaye, "lakini chuo kimempotea. Na huyu mdogo hana skuli wala chuo. Wachukue wote wawili uwapeleke kwa nyanya yao Mombasa."

Nilikaa usiku ule bila ya usingizi. Kuwachukua ni rahisi. Dada yangu angefurahi, na chuo kiko mlango wa tatu. Lakini mtoto wa miaka sita kumtoa kwa mama yake kwa sababu jiji limeshindwa kumpatia dawati, hilo sikuliona sawa. Asubuhi nikamwambia mumewe, mbele yake: tafuteni kurudi. Chumba kibovu karibu ni bora kuliko kizuri mbali.

Walipata. Mwezi wa Februari waliingia chumba kimoja katika nyumba ya zamani ya Baraza, mtaa wa karibu na skuli, wakipangishwa na mwenye kukodi. Choo ni cha nje, bati lavuja. Sasa wakawa watu wa mtaa. Mdogo akaandikishwa baada ya siku tatu, akiwa wa sabini na kitu katika darasa lake. Mkubwa amerudi chuoni. Mzee yule wa kofia ya vito, kumbe ni jirani yao. Mjukuu wake naye alipata nafasi, na watoto wanakwenda pamoja.

Lakini nyumba zile za zamani nazo zina habari yake. Pale Pangani familia 48 zilihamishwa kupisha maghorofa ya nyumba zaidi ya elfu moja, na mitaa mingine ya mashariki imo katika mpango huo huo wa kubomoa na kujenga. Sipingi watu kupata nyumba nzuri. Nauliza swali moja tu kwa kila mwenye ramani: darasa la watoto wa nyumba hizo elfu liko ukurasa gani?

Juzi mpwa wangu alinipigia simu. Binti mkubwa alitaka kunisomea Suratul-Balad, akaisoma mpaka mwisho pasi na kukwama. Kisha mama akachukua simu. Alisema kuna watu wamepita mtaani mchana, wana vitabu na kopo la rangi nyekundu, wanaandika nambari juu ya milango. Aliwauliza ni za nini, wakamwambia wamehesabu tu.