Ngara Katika Meza za Tokyo: Taasisi za Utafiti wa Sera za Japani na Wazo la Usalama wa Binadamu

Taasisi ya utafiti wa sera ni chombo ambacho kazi yake ni kuyachunguza matatizo ya jamii na uchumi kwa njia za kitaaluma, kisha kuyafikisha matokeo mbele ya wenye mamlaka ya kuamua, ama kwa kuandika ripoti, ama kwa kuwakutanisha mawaziri, wafanyabiashara na wasomi katika mazungumzo ambayo serikali peke yake ingepata tabu kuyaitisha. Si chuo kikuu, kwa kuwa haitunuku shahada, wala si wizara, kwa kuwa haina amri juu ya mtu yeyote. Japani inazo nyingi, na ingawa mkazi wa Murukulazo, katika ukanda wa Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, ana kila sababu ya kuziona kuwa mambo ya mbali yasiyomhusu, mojawapo ya mawazo makubwa yaliyopita mezani pao lilipata sehemu ya uzito wake kutokana na yaliyotokea Ngara mwaka 1994.

Taasisi hizo hazifanani kwa asili. Ile ya Masuala ya Kimataifa ilianzishwa mwaka 1959 kwa juhudi za Shigeru Yoshida, waziri mkuu aliyekuwa amekwisha kustaafu, ikiwa karibu na wizara ya mambo ya nje. Ile ya kuchunguza uchumi wa nchi zinazoendelea ilikua chini ya wizara ya biashara, na mwaka 1998 ikaunganishwa na shirika la kukuza biashara ya nje, JETRO. Na nyingine, kama Nomura ya mwaka 1965, ni matawi ya makampuni na mabenki. Kwa miongo mingi sera za Japani zimetungwa na maofisa wa wizara wenyewe, na ndiyo maana taasisi nyingi za utafiti nchini humo hazina desturi ya kuipinga serikali hadharani kama zile za Washington. Nguvu yake iko kwingine: kulitayarisha wazo hadi lisemeke, na kumpatia mwanasiasa jukwaa la kulisemea. Katika hilo la pili, kituo kimoja kisicho cha wizara wala cha kampuni, Kituo cha Japani cha Mabadilishano ya Kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1970 na Tadashi Yamamoto, kilikuwa na nafasi ya pekee.

Hapo ndipo Ngara inapoingia. Usiku na mchana wa tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokuwa wakitoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea, walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, wilaya ambayo miezi michache kabla ilikuwa imekwisha kupokea wakimbizi wa Burundi kufuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993. Kambi ya Benaco, iliyobeba jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa kwa muda mfupi miongoni mwa makazi makubwa ya watu nchini Tanzania, na wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Wakimbizi tangu mwaka 1991 ni Sadako Ogata, msomi wa siasa za kimataifa kutoka Japani. Msiba wa Maziwa Makuu ulimweka mahali ambapo vitabu vya sheria havikumsaidia sana, kwa kuwa ndani ya umati uliokimbia mlikuwamo pia waliotenda mauaji, na mipaka ya nchi, ambayo kwa kawaida ndiyo inayolindwa pale neno usalama linapotajwa, haikuwa imemlinda mtu yeyote.

Kutokana na hali za namna hiyo ndipo hoja ya usalama wa binadamu ilipopata nguvu, yaani hoja kwamba kinachostahili kulindwa kwanza ni uhai, riziki na heshima ya mtu mmoja mmoja, na kwamba usalama wa dola ni sehemu tu ya jambo hilo. Hoja yenyewe haikuzaliwa Japani. Ilikuwa imekwisha kuandikwa katika ripoti ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1994. Japani iliipatia fedha na jukwaa. Mnamo Desemba 1998, katika mazungumzo ya wasomi wa Asia yaliyoandaliwa Tokyo na kituo cha Yamamoto, Waziri Mkuu Keizo Obuchi aliitangaza kuwa nguzo ya siasa ya nje ya nchi yake. Mwaka uliofuata mfuko maalumu ulifunguliwa katika Umoja wa Mataifa kwa fedha za Japani. Na mwaka 2003 tume iliyoongozwa na Ogata pamoja na mwanauchumi Amartya Sen ilitoa ripoti iliyolifafanua wazo hilo kwa marefu. Mwaka huohuo Ogata alichukua uongozi wa JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, akakaa hadi mwaka 2012, na chini yake, mwaka 2008, shirika hilo likaunda taasisi yake ya utafiti, ambayo tangu mwaka 2020 ina jina lake.

Wazo hilo lilirudi Kagera likiwa limevaa sura ya miradi. Mfuko wa usalama wa binadamu uligharimia kazi za mashirika ya Umoja wa Mataifa katika Kagera na Kigoma, mikoa iliyoelemewa na wakimbizi, na ubalozi wa Japani nchini Tanzania una mpango wa misaada midogo wenye jina lilelile. Hata daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa na Marais John Magufuli na Paul Kagame mnamo Aprili 2016, vimesimama palepale umati ulipopita.

Je, utafiti wenyewe umewafaa nini wenyeji? Jibu lililo bora zaidi halikutoka Japani. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia pamoja na wataalamu wa Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 katika wilaya zote za Kagera, zikiwemo Ngara na Biharamulo, ili kupima madhara ya vifo vya watu wazima katika enzi ile ya UKIMWI. Kisha mwaka 2004 na 2010 watu walewale wakatafutwa tena, hata waliohamia mbali. Waliouanzisha uchunguzi huo hawakujua kwamba wakimbizi wangekuja, na bahati hiyo, ikiwa neno bahati linafaa hapa, iliwaachia watafiti wa baadaye kipimo cha kabla na baada ambacho nchi chache zinacho. Uchambuzi wa Jean-François Maystadt na Philip Verwimp ulionyesha kwamba kwa wastani wenyeji waliokuwa karibu na kambi walinufaika, lakini vibarua wa mashambani waliumia, kwa kuwa walishindania kazi na wakimbizi waliokubali ujira mdogo. Uchunguzi wa Javier Baez ulionyesha sura nyingine: watoto wa wenyeji waliokuwa karibu na kambi waliugua zaidi na kudumaa. Baadaye Maystadt na Gilles Duranton waliona kwamba faida ya kiuchumi ilidumu hata baada ya wakimbizi kuondoka, sababu kubwa ikiwa barabara zilizojengwa. Mtu anayesema kwamba wakimbizi waliiharibu Ngara, na yule anayesema waliijenga, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na bila takwimu hizo kila mmoja angeendelea kukipigania kipande chake.

Kwa upande wa Japani, utafiti unaoihusu Tanzania umeelekea zaidi kwenye maswali membamba yanayopimika, na wembamba huo usibezwe. Katika skimu ya umwagiliaji ya Ilonga, wilayani Kilosa, watafiti wakiongozwa na Yuko Nakano walichunguza kama inatosha kuwafundisha wakulima wachache wa mpunga ili wao wawafundishe wenzao. Mavuno ya waliofundishwa yalipanda kutoka tani 3.1 kwa hekta mwaka 2008 hadi 5.3 mwaka 2010. Mavuno ya wale wa kawaida, waliojifunza kwa majirani, yalipanda polepole zaidi, kutoka 2.6 hadi 3.7 mwaka 2012. Kwa serikali yenye mabwana shamba wachache, hilo ni jibu la kutendea kazi. Hata hivyo, mafunzo yaliyopimwa yalikuwa ya JICA yenyewe, na shirika linapougharimia uchunguzi wa kazi yake, msomaji ana haki ya kuuliza ni maswali gani hayakuulizwa.

Tanzania nayo inazo taasisi zake, kama ESRF na REPOA zilizoanza katika miaka ya 1990, na Taasisi ya Uongozi ya mwaka 2010. REPOA ilishiriki kuandaa ripoti za umaskini na maendeleo ya watu zilizotumika katika mijadala ya MKUKUTA, mkakati wa taifa wa kupunguza umaskini, lakini kwa muda mrefu ilitegemea wahisani wa Ulaya. Uhuru wa takwimu nao umewahi kutikisika: marekebisho ya sheria ya takwimu mwaka 2018 yalizuia kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali bila idhini, kabla ya kulegezwa mwaka 2019.

Mtafiti anayekwenda kijijini hupata kwanza kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua ya mkoa, ya wilaya, ya mtendaji wa kata, hadi afike kwa mwenyekiti wa kijiji. Ngazi hizo zote huishughulikia safari ya kwenda, na ripoti inapokamilika huwasilishwa kwa waliotoa fedha na kusomwa Dar es Salaam, Dodoma, Geneva au Tokyo, mara nyingi kwa Kiingereza. Halmashauri ya Ngara ingeweza kuweka sharti jepesi, kwamba muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kilichochunguzwa. Kwa kufanya hivyo kibarua wa Murukulazo angepata nafasi ya kusema kama hesabu ya ujira wake iliandikwa sawasawa.