Tundu la Moyo na Kliniki ya Wiki ya Sita

Mwanafunzi wa uuguzi anayeanza zamu wodi ya watoto huchelewi kumsikia akiuliza: mtoto huyu amezaliwa na tundu kwenye moyo, alichunguzwa saa chache baada ya kuzaliwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani mzima wa afya, iweje leo ana mwezi na nusu ndipo analetwa akihema? Wengi hudhani wenzao wa wodi ya wazazi walizembea. Mara nyingi hakuna aliyezembea. Tundu lilikuwepo tangu tumboni, ila siku ile lilikuwa bado halijaanza kumdhuru.

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Ukuta wa katikati hutenga upande wa kulia, unaopeleka damu kwenye mapafu, na wa kushoto, unaoisambaza mwili mzima. Tumboni mwa mama mapafu hayana kazi ya kupumua, kwa kuwa oksijeni hutoka kwenye kondo la nyuma. Kwa hiyo mtoto ana njia mbili za mkato: uwazi mdogo kati ya vyumba vya juu, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkuu wa mapafu na aota. Akishazaliwa na kulia, mapafu hufunguka na njia hizo huanza kuzibika. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, ule mshipa husinyaa ndani ya siku chache. Ule uwazi wa juu hubaki haujashikana sawasawa kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, na wengi wao wanaishi hadi uzeeni bila kujua.

Tundu linalojaza wodi zetu ni la ukuta wa chini, kati ya vyumba viwili vinavyosukuma damu. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanane au tisa hivi wana hitilafu fulani ya moyo, na tundu hili ndilo linaloongoza. Lipo pia la ukuta wa juu, ambalo kwa kawaida huwa kimya kwa miaka. Upo na ule mshipa mfupi uliogoma kufunga, ambao wazazi nao huuita tundu ingawa uko nje ya moyo. Kwa watoto wenye sindromu ya Down, ambao karibu nusu yao wana hitilafu ya moyo, mara nyingi pengo huwa katikati kabisa, kuta za juu na za chini zikikosa kukutana.

Sasa turudi kwenye lile swali. Kwa mtu mzima, shinikizo katika chumba cha chini cha kushoto hufika milimita 120 za zebaki kila moyo unapopiga, la kulia likiwa 25 hivi. Tukitoboa ukuta huo, damu itakimbilia kulia na kwenda tena mapafuni ilikotoka. Lakini mtoto mchanga wa siku moja bado mishipa yake ya mapafu ni minene na imebana. Shinikizo la pande mbili linakaribiana, na damu haina sababu ya kukimbilia upande wowote. Mishipa hiyo hulegea polepole kwa wiki nne hadi nane. Kadiri inavyolegea ndivyo damu inavyozidi kuvuka tundu na kufurika mapafuni, na moyo unalazimika kusukuma damu ileile mara mbili. Ukihesabu, utaona kilele chake kinaangukia pale pale mama anapokuja kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita. Ningekuwa na uwezo wa kuandika sentensi moja kwenye ukuta wa kila chumba cha chanjo, ingekuwa hii: kabla ya kumchoma sindano, mwangalie anavyonyonya.

Namaanisha kuangalia hasa. Mtoto mwenye tundu kubwa hushika titi kwa hamu, ananyonya mara tano sita, anaachia, anatweta, anarudi tena. Paji la uso na utosi vinalowa jasho, hata kama feni inazunguka juu yake. Baada ya dakika kumi amechoka, analala na njaa, na nusu saa baadaye analia tena. Mama atakwambia, "Sista, huyu ananyonya mchana kutwa lakini haongezeki." Wengine watamjibu kwamba maziwa yake hayatoshi. Usikimbilie jibu hilo. Mfungue mtoto kifua, mwache atulie, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa aliye chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Papasa tumbo upande wa kulia chini ya mbavu: ini lililoshuka vidole vitatu au vinne, pamoja na pumzi za haraka na jasho la kunyonya, linasema moyo umezidiwa.

Kisha fungua kadi. Mtoto wa tundu kubwa mara nyingi alizaliwa na uzito wa kawaida, halafu mstari wake unalala wakati ule wa urefu na mzunguko wa kichwa ukiendelea kupanda. Kadi hiyo hiyo mara nyingi ina historia nyingine: nimonia mwezi wa pili, nimonia mwezi wa nne, amoksilini kila mara. Mapafu yaliyojaa damu hupata maambukizi kirahisi, kwa hiyo nimonia yenyewe inaweza kuwa ya kweli. Tatizo ni kuitibu mara tatu bila mtu kuuliza kwa nini inarudi.

Kuhusu stetoskopu, kuna jambo linalowachanganya hata waliohitimu. Upepo ukipita kwenye ufa wa dirisha hupiga mluzi. Ukipita mlango ulio wazi hausikiki. Ndivyo ilivyo moyoni. Tundu dogo, lenye tofauti kubwa ya shinikizo kati ya pande mbili, hutoa mvumo mkali ambao wakati mwingine unausikia hata kwa kiganja ukikiweka kifuani. Daktari Mfaransa Henri Roger alieleza hali hiyo mwaka 1879, ya watoto wenye mvumo mkubwa na afya njema. Tundu kubwa linaweza kuvuma kwa sauti ya chini tu. Kwa hiyo usimtie mama hofu kwa sababu ya kelele, wala usimtulize kwa sababu ya ukimya. Matundu mengi madogo, hasa yaliyo kwenye sehemu ya nyama ya ukuta, hujifunga yenyewe katika miaka ya mwanzo.

Oximita nayo ina mipaka. Ni kifaa kizuri sana cha kunasa watoto wenye damu isiyo na oksijeni ya kutosha, kama wale wenye hitilafu nne za pamoja alizozieleza daktari Fallot mwaka 1888, ambao midomo hugeuka bluu wakilia. Lakini kwenye tundu la kawaida damu safi ndiyo inayovukia upande wa damu chafu. Mtoto anabaki na rangi yake, na kidole kinasoma 97 huku moyo ukielemewa. Nimesikia ikisemwa wodini kwamba fulani hana tatizo la moyo maana hajawahi kuwa bluu. Kauli hiyo imewachelewesha watoto wengi, na ingefaa ikomeshwe vyuoni kabla haijafika wodini. Jibu la uhakika linatoka kwenye kipimo cha eko, kinachoonyesha tundu lilipo, ukubwa wake na damu inaelekea wapi.

Akishalazwa, kazi kubwa ni ya muuguzi. Daktari ataandika furosemaidi ya kupunguza maji, pengine na spironolaktoni au kaptoprili, na dripu atazibana. Wewe ndiye unayempima uzito kila asubuhi kwa mizani ileile, bila nguo, kabla ya kunyonya. Ongezeko la ghafla la gramu mia mbili kwa usiku mmoja si unene, ni maji. Alishwe kidogo kidogo akiwa ameinuliwa kichwa, na akishindwa kumaliza ndani ya nusu saa, maziwa ya mama yaliyokamuliwa yapite kwenye mpira wa pua. Nguvu anazozitumia kunyonya ni zilezile anazozihitaji kukua.

Oksijeni ni dawa, na kama dawa yoyote ina madhara yake. Hulegeza mishipa ya mapafu, na kwa mtoto huyu kulegea huko ndiko kunakomuumiza. Akiwa anasoma 96 na anahema tu, usimwekee kwa mazoea bila kumuuliza daktari. Akishuka chini ya 90, asinyimwe kwa kuogopa hayo niliyoyasema.

Jambo jingine ni dogo kwa macho. Kabla ya kuunganisha mpira wa dripu, upitishe maji mpaka mwisho, uugonge kwa ukucha, na uhakikishe hakuna hata punje moja ya hewa. Kwa mtoto mwingine punje hiyo huishia mapafuni bila madhara ya maana. Kwa mwenye tundu, akilia au kukohoa shinikizo la kulia linaweza kupanda ghafla, punje ikavuka kwenda kushoto na kupanda hadi kwenye ubongo.

Mama naye yupo pembeni ya kitanda, na mara nyingi ameshahukumiwa kabla hajafika hospitali. Mama mkwe anauliza alikula nini, wifi anataja mtu aliyemwonea kijicho. Mwambie kweli: moyo wa mtoto hujengwa kati ya wiki ya tatu na ya nane ya ujauzito, wakati wanawake wengi hawajajua kama wamebeba, na kwa watoto wengi chanzo hakijulikani. Vichache vinajulikana, kama kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa za kifafa, na rubela katika miezi mitatu ya mwanzo, ambayo hupenda kuacha ule mshipa mfupi wazi. Kwa rubela tuna kinga: Tanzania iliiunganisha na chanjo ya surua mwaka 2014. Maelezo haya mpe baba akiwepo, yafike nyumbani kwa kinywa chake.

Tundu kubwa la ukuta wa chini lisilotii dawa hufungwa kwa upasuaji, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Tarehe 26 Machi 1954, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, daktari Walton Lillehei alimpasua mtoto wa mwaka mmoja hivi mwenye tundu hilo huku baba mtu amelazwa pembeni, mwili wake ukiazimwa kuwa moyo na mapafu ya mwanawe. Tundu lilizibwa, ingawa mtoto alifariki siku chache baadaye kwa nimonia. Waliofuata, baadhi yao wakaishi. Leo kazi hiyo ya moyo na mapafu hufanywa na mashine, na baadhi ya matundu, hasa ya ukuta wa juu, huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja. Zamani watoto wetu wengi walilazimika kupelekwa India. Sasa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili huwapasua hapa hapa Dar es Salaam.

Kinachobaki kuwa adui ni kuchelewa. Mapafu yaliyofurika damu kwa miaka hukakamaa, shinikizo la kulia likapita la kushoto, na damu ikageuza njia. Mtoto aliyekuwa na rangi yake anaanza kuwa bluu, na mara nyingi ndugu humwona amepata nafuu kwa muda maana nimonia zimepungua. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Victor Eisenmenger, aliyeieleza mwaka 1897, na ikishafika hapo kuziba tundu ni kumuua mgonjwa. Rufaa ya mtoto wa miezi miwili na ile ya mtoto wa miaka kumi zinaweza kuandikwa kwa fomu moja, lakini mmoja ana tiba.

Mtoto akirudi kutoka upasuaji, mfupa wa kifua huchukua wiki sita hadi nane kuunga. Mwonyeshe mama kwa vitendo, hapo hapo kitandani: asimnyanyue kwa makwapa, apitishe mkono mmoja chini ya kichwa na shingo, mwingine chini ya makalio. Na kanga ya kumbebea mgongoni ipumzike hadi daktari wa kliniki ya moyo aseme.