Namba ya Simu si Idadi

Tuchukulie kwamba wanafunzi wa shule moja ya sekondari huko Magoma, Usambara, wanaandika programu ya kompyuta itakayowapelekea wazazi matokeo ya mitihani kwa simu. Je, namba za wazazi zihifadhiwe kama zinavyohifadhiwa alama za mtihani, yaani kama idadi? La. Idadi hujumlishwa na kutafutiwa wastani. Namba ya simu ni anwani, na kila sehemu yake ina kazi.

Tuitazame namba ya simu ya mezani ya mkoa wa Tanga. Huanza na 0, ambayo huiarifu mitambo kwamba simu yapigwa humu humu nchini. Hufuata 27, alama ya eneo lenye mikoa ya Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Kisha tarakimu 7 za mteja mwenyewe. Apigaye kutoka nchi za nje huiacha 0, na mahali pake huweka 255, alama ya Tanzania. Simu za mkononi, zianzazo na 06 au 07, hufuata mpango huo huo, ila tarakimu 2 za baada ya 0 huonyesha mtandao uliogawiwa fungu hilo, wala si eneo.

Kompyuta ikipewa namba hizo kama idadi, huifuta 0 ya mwanzo, kwani sifuri iliyotangulia haiongezi thamani. Namba ya Tanga sasa yaanza na 27, na hiyo kimataifa ni alama ya Afrika Kusini. Ile ya 07 yaanza na 7, alama ya Urusi na Kazakhstan. Programu ikitanguliza + kabla ya namba hiyo, mitambo itamtafuta mzazi wa Magoma ughaibuni, naye hatapata habari za mwanawe.

Kwa hiyo yafaa kufuata kanuni hizi:

1. Namba ihifadhiwe kama maandishi.
2. Nafasi na vistari viondolewe.
3. Ikiwa ina tarakimu 10 na yaanza na 0, hiyo 0 ibadilishwe kuwa +255.
4. Ikiwa yaanza na +255, zihesabiwe tarakimu zinazofuata: sharti ziwe 9.
5. Namba za nchi nyingine zipokewe zikiwa na + na alama ya nchi. Kimataifa tarakimu zote hazizidi 15.
6. Isiyotimiza masharti irudishwe kwa mwandikaji; programu isibahatishe.

Tena, mtandao usikisiwe kwa kutazama tarakimu za mwanzo. Tangu mwaka 2017 mteja nchini Tanzania aweza kuhamia mtandao mwingine akabaki na namba yake ile ile.