Milimita Mbili Zilizozifungia Nje Lenzi za Canon

Machi 1987 Canon ilizindua kamera ya EOS 650, na kuanzia hapo lenzi za FD, ambazo kampuni hiyo ilikuwa ikiziuza tangu 1971, zikakosa pa kwenda. Vioo vyake vilikuwa bado safi na ringi zake zikizunguka sawasawa. Hata hivyo, hakuna hata moja iliyoingia kwenye kamera mpya. Mtu aliyejinyima 1986 ili anunue T90, kamera ya hali ya juu ya mfumo huo, alijikuta ameshika chombo kisicho na mrithi.

Kikwazo kilikuwa cha kifizikia. Kila kamera ya lenzi za kubadilisha ina umbali maalumu kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu. Kwa FD ni milimita 42. Kwa EF, mfumo ulioletwa na EOS, ni milimita 44. Lenzi ya milimita 50 ikiisogelea filamu ipasavyo, mlima ulio mbali hutokea wazi kabisa. Isogeze mbele milimita mbili tu, na taswira ya mlima huo itakamilika kabla haijafika kwenye filamu, hivyo picha itatoka na ukungu. Kanuni ya lenzi inayofundishwa sekondari inatoa jibu kali: kitu cha mbali kuliko vyote kitakachoonekana vizuri kitakuwa takriban mita 1.3 kutoka kwenye lenzi. Kwa lenzi ya milimita 28, ni sentimita 42. Harusi nzima utaipigaje hapo? Adapta yenye lenzi ndani yake huweza kurekebisha kasoro hiyo, na Canon ilitengeneza moja, lakini ilikuwa kwa ajili ya lenzi chache ndefu tu.

Je, kulikuwa na haja ya kubadilisha mfumo? Nakubali kwamba sababu za kihandisi zilikuwepo. Mwaka 1985 Minolta ilitikisa soko kwa kamera yake ya 7000 iliyojilenga yenyewe, nayo Canon ilijaribu kufanya hivyo ndani ya mfumo wa zamani kwa T80, ikashindwa vibaya. Mfumo wa EF ulikuwa na mdomo wa milimita 54, mota ndani ya kila lenzi, na mawasiliano yote yakapita kwenye pini za umeme badala ya wenzo wa chuma. Ulikuwa uvumbuzi wa kweli. Lakini gharama yake ilibebwa na mteja mwaminifu, aliyelazimika kununua seti nzima upya.

Nikon ilishika njia nyingine. Kiungio chake cha F cha mwaka 1959 kilibaki, na mota ikawekwa ndani ya kamera ili izungushe lenzi kwa kijiti. Wengi waliisifu kwa uaminifu huo. Kisha 2006 ikaja D40, kamera ya bei nafuu isiyo na mota hiyo. Lenzi za zamani ziliingia vizuri, ila hazikujilenga tena.

Baadaye fizikia ileile ikageuka mkombozi. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi hazihitaji nafasi ya kioo hicho, kwa hiyo lenzi hukaa karibu sana na kihisio: milimita 18 kwa mfumo wa E wa Sony wa 2010, milimita 20 kwa RF wa Canon wa 2018. Ukitaka kufunga lenzi ya FD kwenye RF, unahitaji bomba tupu la milimita 22, basi. Unalenga kwa mkono, na mlima unarudi.

Siku hizi kufuli liko kwenye lugha ya umeme kati ya lenzi na kamera, na hilo linanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa halifunguliwi kwa bomba. Mwaka 2022 Viltrox, kampuni nyingine ya lenzi, iliacha kuuza lenzi zake za RF zinazojilenga baada ya kutakiwa na Canon kufanya hivyo. Kampuni za lenzi za Sigma na Tamron ziliruhusiwa na Canon 2024, tena kwa kuanzia na lenzi za kamera zenye kihisio kidogo. Mteja anayetaka mfumo wa kudumu aulize kwanza nani mwingine anaruhusiwa kuutengenezea lenzi. Olympus na Panasonic zilikubaliana kiungio kimoja mwaka 2008, na lenzi ya Panasonic ya mwaka huo bado inajilenga kwenye kamera mpya za Panasonic na za kampuni iliyorithi biashara ya kamera ambayo Olympus imekwisha kuiuza.