Milima ya Taita kwa Matatu: Kwenda na Kurudi Siku Moja

Chama chetu cha Kiswahili kinapozungumzia safari, mazungumzo huishia pale pale: basi la kukodi ni ghali na wanaoweza kuchanga ni wachache. Basi wenye nazo huenda, na wengine tunangoja kuhadithiwa. Mimi naona si lazima iwe hivyo. Milima ya Taita si mbali sana, na mtu wa Changamwe, Likoni au Kisauni anaweza kuifikia kwa matatu za kawaida na kulala kwao usiku huo huo. Linalotakiwa ni hesabu, na ndiyo nitakayoieleza hapa.

Kwanza njia. Kutoka Changamwe tunashika barabara ya Nairobi: Miritini, Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, kisha Voi. Ni kama kilomita 160, mwendo wa saa tatu hivi. Karibu na Maungu, tazama mkono wa kushoto utaona mlima Kasigau umesimama peke yake. Voi tunabadilisha gari, tunapanda matatu ya Wundanyi inayopitia Mwatate. Mwatate ndipo ilipopita reli ya vita waliyoijenga Waingereza mwaka 1915 kutoka Voi, walipokuwa wakipigana na Wajerumani. Kutoka hapo gari linaanza kupanda kwa kona nyingi, na masikio yataziba kidogo. Voi hadi Wundanyi weka saa moja na nusu, pamoja na kungoja.

Pili, tuelewe usafiri wetu. Huko Uswisi, tangu mwaka 1982, treni na mabasi hupangwa kwa ratiba moja, hata ukishuka kwenye treni unakuta basi la mlimani linakungoja. Kwetu gari halifuati saa, lafuata viti. Matatu ya watu 14 haiondoki hadi ijae, hata utingo akiapa kwamba "twaenda sasa hivi." Na tangu sheria za mwaka 2004, kila abiria na kiti chake na mkanda wake, hakuna tena kusimama mlangoni. Kumbe hapa ndipo sisi tuna nguvu! Tukiwa wanafunzi 13 na mwalimu mlezi mmoja, tumejaza gari. Tukiingia tunaondoka, hatungoji mtu, na kila mmoja amelipa nauli yake ya kawaida tu.

Tatu ni saa, na hapa ndipo wengi hukosea. Watu hupanga kwa kuuliza, "Tutaondoka saa ngapi?" Swali la kwanza liwe, "Turudi saa ngapi?" Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tuseme tunataka kuwa Changamwe saa moja usiku. Voi hadi Changamwe ni saa tatu, tena tuongeze saa moja ya akiba, maana jioni malori ni mengi na magari yatokayo Nairobi huenda yamejaa. Kwa hiyo Voi tuondoke saa tisa alasiri. Tukitoa saa moja na nusu ya kuteremka, Wundanyi tuondoke saa saba na nusu mchana. Asubuhi, tukitoka Changamwe saa kumi na moja alfajiri, tutafika Wundanyi saa tatu na nusu. Tumebakiwa na saa nne mlimani.

Saa nne zatosha nini? Hazitoshi kupanda Vuria kwa miguu. Kilele hicho kina mita 2,208, na mji wa Wundanyi uko kama mita 1,400. Mita mia nane kwa sisi watu wa pwani ni saa tatu za kupanda, na mbili za kushuka: jumla tano. Lakini zatosha kutembea na mwenyeji kwenye mashamba ya matuta, kuona vijito, na kutazama nyanda za Tsavo kutoka juu. Mboga nyingi zinazouzwa Kongowea zinatoka milima hii, na wengi wetu tunazila bila kujua. Misitu iliyobaki, kama Ngangao, ina ndege wasiopatikana kwingine duniani. Na ukionyeshwa pango lenye mafuvu ya wazee wa zamani wa Kitaita, usiguse. Hapo ni mahali pa heshima.

Chukua sweta. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita, na pepo za baharini zikigonga milima huleta ukungu na mvua. Masika tusiende, maana njia huteleza. Jumamosi ya mwezi wa Februari ingefaa.

Kuna wanaouliza, "Na treni ya Madaraka?" Treni hiyo iliyoanza mwaka 2017 huondokea Miritini, nayo kuna ile inayosimama Voi. Ni nzuri, ila kabla hujakata tikiti ya kwenda, uliza ile ya kurudi hupita Voi saa ngapi. Isipolingana na saa tisa yetu, haitufai.

Sasa lililo kubwa. Hesabu yote hii ni ya mtu wa Changamwe. Wa Likoni bado ana feri, na wa Kisauni bado ana daraja la Nyali. Wote watafika kwao saa mbili usiku, na alfajiri itabidi waamke saa tisa. Mzazi gani atamruhusu binti yake? Kwa hiyo napendekeza safari ipimwe kwa anayekaa mbali zaidi. Tuondoke Wundanyi saa sita na nusu, sote tupoteze saa moja ya mlimani, na usiku wa Ijumaa wenzetu wa ng'ambo walale kwa wenzao wa Changamwe. Saa tatu mlimani tukiwa sote ni bora kuliko saa nne za wachache.

Kwa hayo machache naiacha kalamu. Mwalimu mlezi na viongozi wa chama, hesabu ndiyo hiyo. Tusubiri siku tu.