Kumhudumia Mwenye Ulemavu wa Akili: Huruma Inahitaji Mafunzo



Katika parokia zetu wapo ndugu wenye ulemavu wa akili. Wengine wanatunzwa nyumbani, wengine katika vituo vya watawa. Mara nyingi tunadhani kwamba anayewahudumia anahitaji moyo wa huruma tu. Huruma ni ya lazima, lakini peke yake haitoshi. Tukio moja la Uingereza linatuonyesha kwa nini.

Kijana Oliver

Mwaka 2016, katika jiji la Bristol, Oliver McGowan, kijana wa miaka 18, alilazwa hospitalini kwa sababu ya kifafa. Alikuwa pia na usonji na ulemavu mdogo wa akili. Yeye mwenyewe na wazazi wake walieleza kwamba dawa za magonjwa ya akili zilikuwa zimemdhuru hapo awali, wakaomba asipewe. Alipewa. Ubongo wake ulivimba, akafariki dunia.

Mama yake, Paula McGowan, alianza kudai kwamba wahudumu wote wa afya wafundishwe kuwaelewa watu kama mwanawe. Sheria ya mwaka 2022 ikawalazimu watoa huduma waliosajiliwa England kuwapa wafanyakazi wao mafunzo hayo. Mafunzo yaliyoandaliwa yanaitwa kwa jina la Oliver, na miongoni mwa wanaofundisha wamo wenye ulemavu wa akili na wenye usonji wenyewe.

Mlezi anafundishwa nini?

Kwanza, kutofautisha. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ni hali inayoanza utotoni, inayomfanya mtu ahitaji muda na msaada zaidi ili ajifunze, aelewe na ajitegemee. Si laana, wala si pepo.

Pili, kuzungumza. Mlezi hutumia sentensi fupi, huuliza swali moja kwa wakati, kisha hunyamaza na kungoja jibu. Asiyeweza kusema huonyeshwa picha au kitu chenyewe: kikombe cha chai na kikombe cha uji, achague. Anayeulizwa ni yeye, si mama yake aliyesimama kando.

Tatu, kutambua mabadiliko. Hili huokoa maisha. Asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma huenda akajipiga kichwani, akakataa chakula au akapiga kelele usiku kucha. Mlezi asiyefundishwa husema, "Ndivyo alivyo." Aliyefundishwa hujiuliza: je, wiki iliyopita alikuwa hivi? Huangalia meno na masikio, huuliza kama anapata choo, na humpeleka zahanati mapema. Huenda na karatasi inayoeleza dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, na jinsi anavyoonyesha maumivu.

Nne, kuheshimu mwili wake. Mlezi hubisha hodi, humweleza kabla ya kumvua nguo au kumwogesha, na humwacha afanye mwenyewe analoliweza. Hufundishwa pia dalili za kunyanyaswa na mahali pa kutoa taarifa, maana asiyeweza kujieleza hudhulumiwa kwa urahisi.

Na sisi je?

Haya si ya wauguzi peke yao. Kanuni ya 777 ya Sheria ya Kanisa inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapata katekesi, kadiri hali yao inavyoruhusu. Sisi waseminari tutakabidhiwa wajibu huo siku moja. Katekista anao leo. Na familia zilizo katika Jumuiya Ndogo Ndogo zinaubeba kila siku, mara nyingi bila mtu wa kuzielekeza. Parokia inaweza kumwalika mwalimu wa elimu maalumu au muuguzi azungumze na walezi hao, na kuwaomba wenye ulemavu wenyewe waeleze wanavyopenda kuhudumiwa.

Tumkumbuke Bartimayo. Umati ulimnyamazisha. Yesu alimwita, na ingawa upofu wake ulionekana wazi, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Oliver naye alisema asichokitaka, asisikilizwe.

Jumapili ijayo, tukimkuta mlangoni mwa kanisa kijana mwenye ulemavu wa akili, tusimsalimie mama yake tu. Tumsalimie yeye kwa jina lake, kisha tungoje aitikie.