SOMO LA AFYA: KULISAFISHA NA KULITUNZA BIRIKA LA NYUMBANI

Leo tutazungumza juu ya birika la saruji, lile linalopokea maji ya mvua kwa mlizamu, au maji ya mfereji.

Wengi huliamini birika kwa kuwa maji yake ni meupe. Lakini weupe wa maji si usafi wake. Kipindupindu kimeingia Zanzibar mara nyingi. Kijidudu chake hakionekani kwa macho.

Lisafisheni birika walau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, maji yakiwa machache.

Kwanza, toeni maji yote na matope ya chini.

Pili, sugueni kuta kwa ufagio wa chelewa au kumbi la nazi. Msifanye haraka. Mbu aletaye homa ya dengi, yaani kidingapopo, hutaga mayai ukutani, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu miezi mingi, kisha yakaangua maji yakiyafikia. Anayemwaga maji bila ya kusugua ameyaacha mayai pale pale.

Tatu, tieni dawa kwa hesabu. Shikeni kalamu. Birika lina urefu wa mita 2, upana mita 1½, na kina mita 1. Zidisheni: 2 × 1½ × 1 = 3. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Basi birika hili ni la lita 3,000. Kila lita 1,000 zahitaji gramu 80 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Jumla ni gramu 240.

Jazeni robo ya birika, nyunyizeni dawa, kisha lijazeni lote na mliache saa 24. Maji hayo asinywe mtu wala mnyama. Yamwageni mbali na kisima na mboga, lisuuzeni birika, ndipo mlijaze upya. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, isiingie ndani.

Sasa hadhari. Klorini msiichanganye na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo, kwani hutoa moshi wa sumu. Anayeingia birikani asiwe peke yake. Mwenziwe akae juu akimwangalia. Na mfuniko uwe mzito, wenye kufuli. Mtoto mdogo huzama kimya, hata katika maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja apime birika lake na aandike lina lita ngapi. Kwaherini.